Nani aliwapigia kura majaji?

Mwalimu mmoja wa skuli kutoka Wete, Pemba, ameniletea swali hili:

"Assalaam alaykum. Barazani kwetu siku hizi mawaziri hawazungumzwi tena, wanazungumzwa majaji. Kenya walifuta uchaguzi wa rais, Malawi wakafuta, Marekani wamefuta haki ya kutoa mimba iliyodumu miaka 49. Watu wachache waliovaa majoho, hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura, wanapangua yaliyoamuliwa na mamilioni. Jee, hii si hatari? Na hapa kwetu Zanzibar jambo hili linakuja, au limeshakuja na sisi hatukuliona?"

Waalaykumu salaam, Mwalimu.

Nimefanya kazi ya uwakili miaka mingi, na swali lako ni katika yale ambayo sisi watu wa mahkamani hupenda kuyakwepa, kwa sababu jibu lake linatugusa wenyewe. Majaji wamepata nguvu ya kisiasa, na nguvu hiyo inakua. Hilo silibishi. Lakini ukitaka kuiona nguvu ya jaji hapa kwetu, usianze kuitafuta ndani ya chumba cha mahkama. Nitakuonesha pa kuangalia, ila tuanzie mbali kidogo.

Katiba ya Marekani haikuandika popote kwamba mahkama inaweza kufuta sheria iliyotungwa na Bunge. Majaji wenyewe ndio waliolisema hilo mwaka 1803, katika shauri la Marbury dhidi ya Madison, shauri la mtu aliyekuwa akidai hati yake ya uteuzi wa kazi. Walisema katiba iko juu ya sheria zote, na mwenye kazi ya kusema sheria ni ipi ni mahkama. Kwa muda mrefu hoja hiyo ilibaki huko huko. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, na khasa katika miaka ya 1980 na 1990, nchi moja baada ya nyengine zikaandika sura ya haki za watu ndani ya katiba zao. Zanzibar tuliiandika katika Katiba ya 1984. Jamhuri ya Muungano nayo iliziingiza haki katika katiba yake mwaka huo huo, ingawa watu walizuiliwa kuzidai mahkamani mpaka 1988.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Sheria ikisema rufaa iletwe ndani ya siku 30, jaji anahesabu siku, basi. Katiba ikisema mtu asidhalilishwe, jaji hana cha kuhesabu. Itambidi apime, na katika kupima huko unaingia umri wake, skuli aliyosoma, nyumba aliyolelewa na namna anavyoiona dunia. Ndiyo maana majaji wa Mahkama ya Juu ya Marekani waliisoma katiba ile ile mwaka 2022, wakaona ndani yake kinyume cha walichokiona wenzao mwaka 1973. Maneno hayakubadilika. Waliobadilika ni waliokalia viti, na marais ndio waliowachagua wakijua wanachokitafuta. Jaji wa kule anakaa maisha yake yote. Rais aliyemteua huenda ameshazikwa, na yeye bado anaamua. Khofu yako hapo ina msingi, wala sitajaribu kuipunguza.

Ila kuna jambo ambalo huenda barazani halisemwi. Jaji haifuati kesi nyumbani kwa mtu, kesi ndiyo inayomfuata. Uchaguzi wa Kenya ulipelekwa mahkamani na aliyetangazwa kushindwa. Wanasiasa hupeleka kwa majaji lile waliloshindwa kulimaliza wenyewe, au wanaloogopa kulaumiwa wakilimaliza. Na jaji, tafauti na mbunge, hana ruhusa ya kusema leo nimechoka, rudini bajeti ijayo.

Na hiyo Kenya yenyewe itazame mpaka mwisho. Tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, huku wawili wakipinga, waliubatilisha uchaguzi wa rais, jambo ambalo halijawahi kutokea Afrika kabla ya siku ile. Hawakusema nani ameshinda. Walisema matokeo hayakusafirishwa kama sheria inavyotaka, na uchaguzi urudiwe ndani ya siku 60. Dunia nzima ikawasifu. Siku moja kabla ya marudio ilipangwa kusikilizwa kesi ya kutaka marudio hayo yasimamishwe. Jioni ya kuamkia siku hiyo dereva wa Naibu Jaji Mkuu akapigwa risasi na kujeruhiwa. Asubuhi walihitajika majaji watano ili akidi itimie, wakafika wawili. Maraga akatoka mwenyewe kuwaeleza watu kwamba kesi haiwezi kusikilizwa. Kesho yake, tarehe 26 Oktoba, kura zikapigwa.

Mahkama iliyoufuta ushindi wa rais mwezi wa Septemba, mwezi wa Oktoba ilishindwa kukaa. Wanajeshi ni wa serikali, fedha ni za Bunge. Mahkama ina karatasi, na watu kukubali kilichoandikwa juu yake. Malawi hukumu ya Februari 2020, baada ya kuonekana fomu za matokeo zilizopakwa wino mweupe wa kufutia, ilisimama kwa sababu serikali iliyokuwa madarakani hatimaye iliutii uamuzi na kuingia katika uchaguzi wa marudio, ikashindwa.

Sasa turudi nyumbani.

Wenzetu wa Bara wana kisa cha Mchungaji Christopher Mtikila, aliyetaka raia aruhusiwe kugombea bila ya kuwa na chama. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahkama Kuu alimkubalia. Bunge likaibadilisha katiba, ushindi wake ukawa hauna kazi. Akarudi, na mwaka 2006 Mahkama Kuu ikamkubalia tena. Mwaka 2010 Mahkama ya Rufaa ikasema hili ni jambo la siasa, waachiwe wabunge. Mwaka 2013 Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikasema nchi imevunja haki yake. Alishinda mara tatu, mwaka 2015 akafariki, na mgombea binafsi hajapatikana. Mtu akiniambia kwamba majaji wametwaa nchi, humwonesha kisa hiki.

Kisa chetu sisi ni kizito zaidi, na nadhani wanafunzi wako hawakifahamu, maana walikuwa bado kuzaliwa. Mwishoni mwa 1997, wakati wa uchaguzi mdogo wa jimbo la Mkunazini, na katika miezi iliyofuata, walikamatwa watu 18 wa CUF, chama cha upinzani, wakashtakiwa kwa uhaini, kwamba walikula njama ya kuipindua Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Uhaini adhabu yake ni kifo, na hauna dhamana. Walikaa rumande karibu miaka mitatu. Mwaka 2000 shauri lilifika Mahkama ya Rufaa ya Tanzania kwa jina la SMZ dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Majaji walijiuliza swali moja kavu la kisheria: uhaini ni kosa dhidi ya nani? Wakajibu kwamba ni kosa dhidi ya dola, na dola ni Jamhuri ya Muungano. Zanzibar peke yake si dola, kwa hivyo uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar hauwezi kutendeka. Novemba ile watu 18 wakarudi majumbani kwao.

Fikiria furaha ya wake na watoto zao. Kisha fikiria yaliyokuja baada ya kumalizika vigelegele, watu walipoanza kuisoma hukumu yenyewe. Waliofurahia kutoka kwa ndugu zao ndio hao hao waliokuwa wakiidai hadhi ya Zanzibar, na hukumu ya kesi ya ndugu zao ilisimama juu ya hoja kwamba Zanzibar si dola. Serikali iliyoshitaki nayo iliambiwa na mahkama kwamba haina hadhi ya kufanyiwa uhaini. Pande zote mbili zilishinda na kushindwa kwa sentensi moja. Jaji hakuwa na nia ya kuuamua Muungano. Alikuwa na watu 18 mbele yake na swali la kama shitaka limesimama. Lakini alipolijibu aligusa jambo ambalo wanasiasa walikuwa wakilizunguka tangu Aprili 1964.

Halikulala tena. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema Bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na visiwani kote hakukukalika. Mwaka 2010, katika mabadiliko ya kumi ya Katiba yaliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Baraza la Wawakilishi likaandika kwamba Zanzibar ni nchi, moja kati ya mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mimi nasoma mabadiliko yale kama jibu, miaka kumi baadaye, kwa hukumu ile. Majaji walisema, wanasiasa wakajibu kwa katiba. Ndivyo inavyopaswa kwenda, hata kama hupendi walichosema hawa wala walichojibu wale.

Naongeza moja. Masheikhe wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, walikaa rumande Bara kwa mashtaka ya ugaidi miaka mingi, na walipotoka Juni 2021 haikuwa kwa hukumu ya jaji. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye aliyeyaondoa mashtaka. Aliyeshika ufunguo kwa miaka yote ile hakuwa amevaa joho la jaji. Barazani mkizungumza nani ana nguvu, na huyo mzungumzeni.

Nilikuahidi kukuonesha pa kuangalia. Jaji wa kwetu hupewa siasa akiwa nje ya mahkama. Joho lake huazimwa.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi, akaiweka chini ya Francis Nyalali, Jaji Mkuu aliyekuwa kazini. Tume ikazunguka Bara na visiwani. Asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kibaki. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaja. Mwalimu, wewe unaulizia majaji wanaopangua yaliyoamuliwa na wengi. Basi hii hapa, na hakuna baraza niliyopata kuisikia ikiilaumu. Mimi naona tume ilipendekeza sawa, maana haki ya hao 20 haikustahili kuuawa kwa wingi wa 80. Lakini lile halikuwa shauri. Hapakuwa na mlalamikaji wala mdaiwa, wala pa kukata rufaa. Serikali ilitaka kupita mlango mgumu na ikataka jaji atangulie.

Mwaka 1998 ikaja kamati ya Jaji Robert Kisanga kuhusu katiba. Nayo ilipendekeza serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, na serikali haikupokea. Mwaka 2012 ikaja tume ya Jaji Joseph Warioba, makamu wake akiwa Augustino Ramadhani, mzaliwa wa hapa hapa Unguja, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar na baadaye wa Tanzania. Serikali tatu tena, na rasimu imekwama mpaka leo. Mwaka 2015 Ramadhani mwenyewe alichukua fomu kuomba CCM imteue kugombea urais. Alikuwa mtu wa heshima kubwa na haki yake ilikuwa hiyo, na mimi nilimheshimu mpaka alipotutoka 2020. Hata hivyo nililiona pengo: kutoka kiti cha Jaji Mkuu hadi fomu ya chama hapakuwa na mlango wowote wa kuufungua. Njia ilikuwa imeshalainishwa na tume zote zile.

Na tume za uchaguzi ndizo khasa. Ile ya Taifa imeongozwa na majaji mmoja baada ya mwengine, Makame, Lubuva, Kaijage. Tume yetu ya Zanzibar katika uchaguzi wa 2020 iliongozwa na Hamid Mahmoud Hamid, Jaji Mkuu mstaafu. Nia inasemwa ni njema, kwamba jaji huaminika. Sasa liweke hilo karibu na hili: Katiba ya Muungano inasema rais akishatangazwa na Tume, hakuna mahkama itakayouhoji uchaguzi wake, na Katiba ya Zanzibar inayo sharti kama hilo kwa Rais wa Zanzibar. Yaani jaji anaruhusiwa kumtangaza mshindi. Haruhusiwi kumsikiliza aliyeshindwa.

Oktoba 2015 sote tulikuwepo. Tarehe 28, matokeo yakiwa hayajamalizika kutangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alijitokeza kwenye televisheni akasema uchaguzi wote umefutwa. Machi 20, 2016 ukarudiwa, CUF wakasusia. Hebu linganisha na Kenya. Kule uchaguzi ulifutwa na majaji waliozisikiliza pande zote, wakaandika sababu zao kurasa mamia, na waliopinga nao wakaandika zao. Kwetu ulifutwa kwa tangazo. Hakuna jaji aliyekaa kuzisikiliza pande mbili juu ya jambo lile. Ukiniuliza majaji wametunyang'anya nini, nitakwambia mwaka ule hawakuwepo.

Wakili Jebra Kambole aliupeleka mlango huo uliofungwa mbele ya Mahkama ya Afrika, na Julai 2020 mahkama ile ikasema kifungu cha Katiba ya Muungano kinachozuia kuhoji uchaguzi wa rais kinavunja haki za watu. Lakini Novemba 2019 nchi ilikuwa imeshaondoa ridhaa yake ya kuruhusu mtu binafsi kwenda Arusha moja kwa moja. Kesi zilizokwishapelekwa ziliendelea. Wewe na mimi hatuna njia hiyo tena.

Unaweza kuniuliza kwa nini nang'ang'ania chumba cha mahkama, wakati jaji ni yule yule hata akiwa mwenyekiti wa tume. Nikwambie nilichokiona kwa macho yangu.

Nilipokuwa wakili mdogo, majaji wetu katika lile jengo la Vuga lenye kuba waliandika ushahidi wote kwa mkono. Ilikuwa unauliza swali, shahidi anajibu, kisha nyote mnanyamaza na kuitazama kalamu. Ikisimama, unauliza la pili. Siku moja nilikuwa namtetea bibi mmoja mzee wa shamba, nduguye amemdhulumu mikarafuu. Upande wa pili walikuwa watu wakubwa wenye kujuana na kila mtu. Bibi alisema jambo, jaji akawa anaandika, bibi akanong'ona, "Baba, anaandika niliyosema mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya, kisha akasema kwa sauti, "Basi nangoja." Akawa anaingoja kalamu kila sentensi, polepole, mpaka mwisho. Kesi tulishindwa. Hukumu ilipokuja tuliisoma, na maneno yake yalikuwamo, na sababu ya kuyakataa ilikuwamo, ukurasa wa ngapi na kwa nini. Tulikata rufaa kwa kutumia sababu hiyo hiyo.

Mwenyekiti wa tume hana kalamu ya namna ile. Halazimiki kumsikiliza bibi, halazimiki kuandika kwa nini amemkataa, na hakuna wa juu yake atakayesema alikosea. Ukimtoa jaji kwenye wajibu huo ukambakishia jina la ujaji, umechukua heshima yake ukaiacha kazi yake. Jaji wa namna hiyo ananitisha kuliko Maraga.

Limebaki lile la kura, nalo silikimbii. Kweli hakuna aliyewapigia kura. Kwetu majaji huteuliwa na Rais, na Tume ya Utumishi ya Mahkama ina sauti katika jambo hilo, lakini mwananchi huzisikia khabari jaji akishaapishwa. Kenya, baada ya Katiba ya 2010, wanaoomba ujaji wa Mahkama ya Juu huhojiwa mbele ya kamera. Watu wanasikia ameulizwa nini na amejibu nini. Wapo wanaosema inadhalilisha. Mimi nilitazama baadhi ya mahojiano yale na sikuona udhalilishaji, niliona watu wazima wakieleza mali zao na hukumu zao za zamani. Mtu atakayeshika roho yangu na uchaguzi wangu, ningependa nimsikie saa moja kabla hajakaa. Ningependa pia jaji anayetoka kazini akae miaka kadhaa kabla ya kuchukua fomu ya chama chochote, na aliye kazini asiazimwe kwa tume ya siasa hata kama Rais anamwomba kwa nia safi. Na mlango wa kuhoji uchaguzi ufunguliwe; mpangilio niutakao ni huo, uteuzi wa wazi utangulie, mlango ufuate, maana kumpa jaji uchaguzi wa nchi nasi hatujui amepatikanaje ndiyo ile hatari uliyoiandika.

Mahkama Kuu hukaa Chake Chake pia, na kesi nyingi husikilizwa hadharani. Wachukue wanafunzi wako wa kidato cha tatu, wavae sare, simu mzizime, mkae viti vya nyuma. Waambie wachague shahidi mmoja tu wamfuatilie: aliulizwa nini, alijibu nini. Kisha hukumu ikitoka, iwe baada ya mwezi au mwaka, muiombe nakala mkaisome darasani, mtafute kama maneno yake yamo. Matokeo niandikie.